Je, Wajua? Wodi Inayoendeshwa na Wanafunzi

Je, wajua kwamba kuna wodi ambazo wanafunzi ndio wanaoshika zamu? Mwaka 1996, Linköping nchini Uswidi, ilifunguliwa wodi ya mifupa ambamo wanafunzi wa udaktari, uuguzi, fiziotherapia na tiba kazi huhudumia wagonjwa pamoja, wakufunzi wakiwa pembeni. Chuo kikuu cha mji huo kilikuwa kimeanza kuwachanganya wanafunzi wa fani hizo tangu 1986.

Tuseme kitandani kalala bibi aliyevunjika nyonga. Kumwogesha na kumgeuza si kazi ya mwanafunzi wa uuguzi peke yake. Daktari mtarajiwa naye anakunja mikono ya koti. Hapo ndipo anapoona bibi anavyokunja uso kila akiguswa ubavuni: dawa ya maumivu ya asubuhi haikutosha. Wa fiziotherapia anamwonyesha pa kumshika mgonjwa ili asimame bila kuyumba. Zamu ikiisha, wote huketi na mkufunzi kusimulia walipokwama.

Stadi zinaongezeka kweli? Mapitio ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, kuhusu mafunzo ya pamoja ya fani mbalimbali, yaliyohusu hasa wahudumu walio kazini tayari, yalikusanya tafiti 15: 7 zilionyesha faida, 4 zilitoa matokeo mchanganyiko, na 4 hazikuona tofauti yoyote. Kwa hiyo sifa za mafunzo haya zimetangulia ushahidi kidogo. Hata hivyo, mimi nikilazwa, nitafurahi daktari wangu akiwa amewahi kushika beseni.