Mtumbwi ukipanda lori, watoto wakae mbali

Alfajiri, kando ya ziwa jijini Mwanza, mtumbwi wa mbao unasukumwa juu ya magogo kuelekea nyuma ya lori. Vijana wamejipanga pande zote mbili, mmoja anahesabu: moja, mbili, tatu! Mtoto wa mwenye chombo ameinama karibu kabisa na mkuku, anatazama jinsi magogo yanavyobingirika. Hakuna anayemwambia aondoke, kwa sababu kila mtu anautazama mtumbwi.

Kwa familia inayonunua chombo Mwanza na kwenda kuvua Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, safari hupita Shinyanga, Nzega, Singida, Manyoni na Dodoma. Akiba ya miaka, pengine na mkopo wa kikundi, imelala juu ya lori. Ndiyo maana maandalizi mengi huelekezwa kwenye mbao na kusahau watu.

Majeraha mara nyingi huanza kabla lori halijawashwa. Mbao zilizolowa ni nzito, na mtu anayeinua huku amepinda mgongo na kujizungusha kiuno anaweza kuumia siku hiyo na kulalamika kwa miezi. Anayeinua akunje magoti, mzigo uwe karibu na mwili, na kauli itoke kwa mtu mmoja tu. Pete zivuliwe. Vidole visiingie kati ya mtumbwi na ubao wa lori hata kwa sekunde ya kuweka gogo. Kazi hiyo ifanywe kwa kipande cha mti. Mtoto, awe wa mwenye mali au wa jirani, asimame mbali kiasi kwamba mtumbwi ukiteleza haumfikii.

Kabla ya kupandisha, chombo kiwe kitupu. Maji yaliyotuama kwenye ngama yafuliwe yote, maana lita moja ya maji ni kilo moja, na lita 200 zilizosahaulika ni sawa na kupakia watu wazima watatu wanaoyumba kila kona. Nyavu, makasia na nanga vitolewe. Nanga iliyoachwa ndani hugonga mbao kila lori linapovuka tuta, na lori likifunga breki ghafla huweza kuruka kama jiwe.

Injini ishushwe na isafiri peke yake, imefungwa. Ile ndogo ya nguvu za farasi 15 ina uzito wa kilo zipatazo 40 au zaidi, hivyo ibebwe na watu wawili. Tangi la petroli lisibaki ndani ya mtumbwi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hushuka na kukaa chini kwenye ngama, hasa chombo kikifunikwa turubai, na cheche moja inatosha. Wala galoni lisihamishiwe kwenye kabini walikokaa mama na mtoto. Ni heri kununua mafuta mkifika.

Juu ya lori, uzito ukae kwenye mkuku uliolazwa juu ya mbao nene, huku magunia ya mchanga au vipande vya tairi vikizuia ubavu usiegemee. Ubavu ukibeba uzito wote, mataruma huachia taratibu, na mwenye mali huja kugundua akiwa majini.

Kufunga ndiko kunakopuuzwa zaidi. Mipira inayokatwa kwenye tyubu, ile ya kufungia magunia nyuma ya baiskeli, haifai kwa mtumbwi kwa sababu huvutika. Kamba ya nailoni nayo hulegea ikilowa. Mikanda ya kufungia mizigo yenye kikazio ni bora, na ipitishwe juu ya matambara ili kingo za mbao zisiikate. Kipimo kinachotumika Ulaya ni kwamba mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake. Kwa mtumbwi wa kilo 400, hiyo ni nguvu ya kushika kilo 320. Kamba mbili za kurusha juu juu haziwezi. Zinahitajika za kuvuta nyuma, ili breki zisiupeleke mtumbwi kwenye kabini, na za kuvuta mbele, kwa ajili ya kupanda Mlima Sekenke baada ya Shelui. Baada ya kilomita 10 za kwanza dereva asimame, kamba zikazwe upya. Kamba mpya lazima itaachia kidogo.

Sehemu ya mtumbwi inayochomoza nyuma ifungwe kitambaa chekundu, na usiku iwe na taa nyekundu. Mwendesha bodaboda anayekuja nyuma haoni omo nyeusi gizani.

Kisha lipo lile la kulala ndani ya mtumbwi. Huonekana kitanda kizuri: kuna kivuli cha turubai, kuna upepo, na kijana anasema analinda mali. Lakini hana mkanda wala kiti, na mtumbwi ukipinduka humfunika. Nauli ya basi ya mtu mmoja au wawili ihesabiwe mapema kama sehemu ya gharama ya chombo.

Kama mtumbwi umeshatumika ziwani, uoshwe kabla ya kuondoka na mabaki ya magugu maji yang'olewe hata kwenye nyufa. Kipande kidogo cha gugu kinaweza kuota kwenye maji mapya, na konokono wanaoeneza kichocho hupenda kujishikiza kwenye majani kama hayo.

Jua la Singida na Dodoma lina kazi yake pia. Mbao hukauka, husinyaa, na kalafati huachia. Magunia yaliyoloweshwa yatandazwe ndani na kumwagiwa maji kila kituo, bila kuacha maji yatuame.

Ukifika Mtera, mtumbwi ufungwe majini pembeni ya ufuko ukiwa hauna mtu, ulowe mpaka mbao zivimbe na kuzibana nyufa. Huenda ukachukua siku mbili au tatu ukivujisha. Wavuvi wenye haraka hufua maji na kuingia bwawani jioni ileile, wakiwa na mtoto wa kuwasaidia kufua. Mtoto huyo abaki nchi kavu mpaka ngama ilale usiku mzima bila kuingiza maji, na siku ya kupanda avae jaketi la kuokolea linalomtosha yeye, si la baba yake.