Mradi Una Mwisho, Kisukari Hakina

Kila inapokaribia tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, mashirika ya hisani hufunga safari za vijijini na mahema, fulana na mashine za kupimia sukari. Watu hupanga foleni tangu alfajiri, hutobolewa kidole, huambiwa namba, na jioni waandaaji huondoka na idadi ya waliopimwa. Nia ni njema na shida yenyewe ni kubwa. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021, watu wazima wapatao milioni 24 Afrika kusini mwa Sahara walikuwa na ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wanajua. Lakini aliyekutwa na sukari ya milimoli 18 kwa lita leo, kesho aende wapi? Kama zahanati ya karibu haina dawa, haina kipimo wala mtumishi aliyefundishwa kumhudumia, amepewa hofu na si tiba. Kwa maoni yangu, kazi ya hisani katika eneo hili ipimwe kwa idadi ya wagonjwa ambao miaka mitano baadaye bado wako hai na bado wanahudhuria kliniki. Ili kufika hapo, fedha za wafadhili ziingie ndani ya zahanati na hospitali ya wilaya, zisipite kando yake.

Tazama kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachowapata hasa watoto na vijana. Mwili umeacha kutengeneza insulini, na bila sindano za kila siku mgonjwa hufa. Insulini ilianza kumtibu binadamu Toronto, Januari 1922, na wavumbuzi wake waliukabidhi uvumbuzi huo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu, ili usiwe mali ya wachache. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mtoto wa kijijini bado anaweza kufa kabla ugonjwa wake haujapewa jina. Huanza kukojoa mara kwa mara, kunywa maji bila kushiba na kukonda. Kisha hutapika na kuhema kwa nguvu. Akifikishwa zahanati katika hali hiyo, ni rahisi kudhaniwa kuwa ana malaria kali au nimonia. Tone moja la damu lingemaliza ubishi, mradi mashine ipo na stripu zake zipo.

Na hapo kwenye stripu ndipo misaada mingi hukwama. Kila aina ya mashine hutumia stripu zake yenyewe; za kampuni nyingine haziingiliani nayo. Mfadhili akigawa mashine 50 za aina ambayo Bohari ya Dawa ya serikali haileti stripu zake, miezi michache baadaye mashine hizo hubaki kabatini. Sindano nazo zina mtego wake, tena wa hatari zaidi. Insulini nyingi siku hizi ina uniti 100 kwa kila mililita, lakini yapo mabomba ya sindano yenye alama za insulini ya uniti 40. Mama akimpimia mwanawe dozi kwa bomba lisilolingana na chupa, anaweza kumchoma mara mbili na nusu ya anachostahili, na sukari ikishuka kiasi hicho mtoto anaweza kupoteza fahamu na asiamke. Kumbe shehena ya zawadi isiyooanishwa na mfumo wa nchi inaweza hata kudhuru.

Wengi husema tiba hii inahitaji daktari bingwa, na kijijini hayupo. Rwanda imelijibu hilo kwa vitendo. Wizara ya Afya kwa kushirikiana na shirika la hisani la Partners In Health ilifundisha wauguzi wa hospitali za wilaya, zikiwemo za Rwinkwavu na Kirehe upande wa mashariki, kuwahudumia wagonjwa wa insulini pamoja na wenye moyo ulioshindwa kazi, chini ya usimamizi wa madaktari. Wagonjwa wanaandikwa kwenye rejista, wanapangiwa tarehe, na asiyefika anafuatiliwa. Utaratibu huo ndio uliozaa mpango uitwao PEN-Plus, ambao nchi za Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ziliuridhia kuwa mkakati wa kanda mjini Lomé, Agosti 2022. Tanzania nayo imeuanza, Karatu na Kondoa zikiwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo.

Pingamizi kwamba kijijini hakuna friji ya kutunzia insulini nalo limepungua makali. Chupa ambayo haijafunguliwa inapaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na kwa akiba ya miezi hilo halina mjadala. Lakini utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021 kwa kuzingatia joto la kambi ya Dadaab nchini Kenya, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikuwa dhaifu kuliko iliyokaa kwenye baridi. Kwa hiyo friji iwe zahanati, na nyumbani mgonjwa awe na chupa ya mwezi mmoja ndani ya chungu chenye unyevunyevu, kivulini.

Pingamizi zito zaidi ni la utegemezi: serikali itajibweteka ikijua kuna wafadhili. Naliheshimu, kwa sababu hatari hiyo ipo. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanzishwa 2009 na kampuni ya Novo Nordisk pamoja na wabia wake, umewapa insulini bure maelfu ya watoto katika nchi mbalimbali, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, na wengi wasingekuwa hai bila hiyo. Hata hivyo una kikomo cha umri, sasa miaka 25, na kongosho la mgonjwa halifufuki akifikisha 26. Sioni kuwa dawa ya utegemezi ni kuuzuia msaada. Ni kuuwekea mkataba tangu siku ya kwanza, unaotaja mwaka ambao halmashauri itabeba mshahara wa muuguzi na mwaka ambao bima ya afya italipia insulini na stripu. Na kliniki hiyohiyo, kwa rejista na vipimo vilevile, itamhudumia pia mzee mwenye aina ya pili, anayehitaji metformin, kupimwa presha na kukaguliwa nyayo kabla kidonda hakijafika mfupani.

Basi unapoombwa mchango wa kampeni ya kisukari kijijini, muulize mwombaji ni zahanati ipi itakayowapokea watakaokutwa na ugonjwa, stripu za mwaka ujao zitatoka wapi, na nani atamfuata mgonjwa asiyerudi kliniki. Akikupa majibu yenye jina la kituo na mwaka, changia kwa moyo wote. Akikosa, mshauri fedha hizo azipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya, wapange pamoja upya.