Mshale Usiofika 30

Geji ya buluu ya fundi wa AC ina namba moja ambayo Kericho haijawahi kuiona ikiguswa. Iko chini ya sifuri, upande wa vakyumu: 30. Pampu inaweza kunguruma saa nzima, mafuta yake mapya, paipu zimekazwa barabara, na bado mshale utashuka hadi 23 na ushei, utikisike kidogo, usimame hapo. Video za mafundi wa Marekani zinasema 29 au 30 ndiyo dalili ya kazi safi. Kwa kipimo hicho, kutoka Londiani hadi Bomet hakuna gari lililowahi kufanyiwa vakyumu ikakubali.

Mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza jambo jepesi zaidi: nani anahitaji AC katika mji ambao sweta huvuliwa saa sita mchana na kuvaliwa tena mvua ya alasiri inapoanza? Fundi aliyenijibu ana banda la jua kali mjini Kericho. Nitamwita fundi tu. Jina lake halibadilishi uzito wa hewa. Jibu lake lilikuwa kioo. Matatu ya abiria kumi na wanne, nguo zimelowa, madirisha yamefungwa, ukungu umelalia majani chai pande zote mbili za barabara. Pumzi zote hizo huishia kwenye kioo cha mbele, na dereva anabaki kupangusa kwa kitambaa huku ameshika usukani kwa mkono mmoja. AC ikiwashwa, hewa hupita kwanza kwenye koili baridi iliyofichwa nyuma ya dashibodi, maji yake yakadondoka chini ya gari, kisha hupashwa moto na kupulizwa kioo ikiwa kavu. Huku juu, anasema, AC ni mashine ya kukausha. Baridi ni ya watu wa Kisumu.

Lakini mshale ule ulikuwa umenikaa kichwani, nikamrudisha huko.

Geji, anaeleza, haijui kilichomo ndani ya paipu. Inachojua ni tofauti kati ya ndani na hewa iliyo nje. Mombasa, ufukweni, hewa inatukandamiza kwa karibu inchi 30 za zebaki. Pampu nzuri ikiiondoa yote, mshale unafika. Kericho iko takribani mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya kukandamiza ni kama inchi 23 na nusu tu. Pampu haiwezi kuondoa kisichokuwepo. Mama wa Kericho aliyewahi kupika maharagwe kwa dada yake Kisumu analijua jambo hili kwa kuni alizochoma: huku maji yanatokota mapema na maharagwe yanachelewa kuiva.

Fundi huwahurumia vijana waliofundishwa kazi pwani. Wakiona 23 wanaapa kuna tundu. Wanabadilisha o-ringi zote, wanaivunja moyo pampu isiyo na kosa, na siku ikiwa mbaya mteja analipia kondensa mpya kwa kosa la mlima.

Lakini kuujua mlima hakumalizi kazi, na hapa ndipo alipoongea kwa muda mrefu zaidi. Vakyumu si ya kutoa hewa tu. Ni ya kukausha. Mafuta ya kompresa hunyonya unyevu upesi, na nchi ya chai ina unyevu wa kugawa. Ukiacha paipu wazi ukaenda kunywa chai, ukirudi umeshanywesha mfumo mzima. Maji hayo yakikutana na gesi na mafuta huzaa asidi inayokula vyuma taratibu, au yanaganda kwenye tundu dogo la valvu na kuziba njia. Pampu huyatoa kwa kuyachemsha bila moto: shinikizo la ndani likishuka vya kutosha, maji yanatokota kwa joto la kawaida la kivulini. Kwenye nyuzi 20 za selsiasi, shinikizo linalobaki lazima liwe chini ya inchi 0.7. Kwenye nyuzi 10, ile asubuhi ya Julai ambayo kila mtu hapa anaifahamu, liwe karibu nusu ya hapo. Itafute tofauti hiyo kwenye geji uone: unene wa mshale wenyewe unaifunika.

Kwa hiyo yeye hafanyi vakyumu asubuhi. Husukuma gari juani, au huwasha injini, AC ikiwa imezimwa, mpaka chini ya boneti kupate joto. Halafu anatoa kifaa anachokifunga kwenye kitambaa safi kuliko shati lake, geji ya maikroni, inayopima kilichobaki ndani bila kujali uko ufukweni au mlimani. Anataka isome 500 au chini. Ikifika, anafunga valvu, anazima pampu na kungoja. Namba ikipanda kidogo ikatulia, bado kuna maji. Ikipanda bila kukoma, hilo sasa ndilo tundu.

Yote haya hutanguliwa na hatua ambayo hakuna mteja anayekuja akiiomba: kutoa gesi iliyomo. Njia ya mtaani tunaijua. Bisibisi inabonyeza kipini cha valvu, psss, imekwisha, na mwenye gari anafurahia muda uliookolewa. R-134a, gesi iliyochukua nafasi ya R-12 kwenye magari miaka ya 1990, haiharibu tabaka la ozoni, na sifa zake zinaishia hapo. Kwa hesabu ya miaka 100, kilo moja yake hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Gari dogo hubeba kama nusu kilo. Tulipiga hesabu pale pale bandani: psss moja ni kama kuchoma lita 300 za petroli. Kwa petroli hiyo Probox inakwenda Mombasa na kurudi mara mbili, na chenji inabaki.

Fundi hutumia mashine inayoivuta gesi, kuichuja mafuta na kuirudisha kuwa majimaji ndani ya silinda. Silinda huimwagia maji baridi, kwa sababu ikipoa shinikizo lake linashuka na gesi inahamia upesi. Maji ya bomba ya Kericho, anasema, hayahitaji barafu. Haijazi kupita asilimia 80, maana majimaji hutanuka yakipata joto, na mitungi ya kutumia mara moja haigusi. Kisha anapima. Kibandiko cha boneti kikisema gramu 500 na zikatoka 310, basi 190 zimeshakwenda zenyewe, na mara nyingi mlango ni sili ya kompresa iliyokauka kwa sababu mwenye gari aliamini Kericho haina haja ya AC, akaizima mwaka mzima. Iwashe dakika chache kila wiki hata kama unatetemeka, huwaambia, mafuta yazunguke.

Kujaza pia ni kwa mizani. Anayejaza kwa kuangalia mshale kwenye baridi ya asubuhi ataona shinikizo liko chini, ataongeza, ataongeza tena. Gari litashuka hadi Ahero, jua la tambarare za Kano liigonge kondensa, na shinikizo lipande mpaka kompresa ikatae kazi.

Kuna silinda moja kwenye kona ambayo haiuzi wala haiirudishi kwenye gari lolote. Ni gesi ya wateja waliowahi kuongezewa kitu kisichojulikana huko njiani. Ipelekwe wapi? Makubaliano ya Kigali ya 2016 yamepanga nchi za kundi la Kenya zisiongeze matumizi ya gesi za jamii ya R-134a kuanzia 2024 na ziyapunguze kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Silinda ya kona haimo kwenye ratiba hiyo. Na kwa kuwa gari kuukuu linaloingia nchini halitakiwi kupita miaka minane, magari ya Japani yanayokuja sasa yameanza kubeba R-1234yf, ambayo haipashi dunia joto kwa kiasi cha maana lakini inaweza kushika moto. Ina viunganishi vya umbo lingine, bei nyingine, na inataka mashine yake. Nani ataigharamia ya pili, ikiwa ya kwanza wateja wanaiita kupoteza muda?

Kwa sasa fundi amepandisha bei ya kujaza na kuficha humo gharama ya kutoa. Mteja akiuliza mbona kwa jirani ni nafuu, anamwonyesha kibandiko cha boneti, kisha mizani. Wengine hubaki. Wengine huenda kwa jirani.