Kunguni: Jihadhari na Sumu Kuliko Mdudu

KATIKA mitaa ya Kawangware, Kangemi na Dagoretti, na hata katika nyumba za kulala wageni katikati ya jiji la Nairobi, kunguni ni adha inayosemwa kwa sauti ya chini. Wengi huona aibu, wakidhani mdudu huyu ni ishara ya uchafu.

Dhana hiyo si kweli. Kunguni hufuata joto na pumzi ya binadamu, akitafuta damu. Mwaka 2023 jiji la Paris, Ufaransa, lilihangaishwa naye.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, DDT iliwapunguza sana, lakini wakawa sugu. Mwaka 2002 watafiti walieleza kwamba katika vijiji vya Tanzania vilivyotumia vyandarua vyenye dawa, kunguni walikuwa wameizoea dawa hiyo.

Madhara yake

Haijathibitishwa kwamba kunguni huambukiza binadamu ugonjwa anapomuuma. Hata hivyo, huleta mwasho, vidonda vya kujikuna na kukosa usingizi. Mtoto akiumwa sana kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa na damu.

Hatari kubwa zaidi ni sumu inayotumiwa ovyo. Dawa ya shambani haifai chumbani. Tembe za kuhifadhi nafaka hutoa gesi ya fosfini, na katika Milki za Kiarabu zimeua hata watoto wa jirani baada ya gesi kupenya nyumba hadi nyumba. Katika ploti ambazo vyumba hutenganishwa kwa mabati tu, anayetumia tembe hizo huhatarisha maisha ya wengi.

Ufanye nini?

Fua shuka na nguo kwa maji ya moto sana. Mwagia maji yanayochemka nyufa za kitanda, watoto wakiwa mbali. Rudia kila juma kwa majuma kadhaa, kwani mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10. Kagua kitanda au kochi la mtumba kabla ya kuliingiza nyumbani.

Ukihitaji dawa, nunua iliyosajiliwa na bodi ya serikali ya dawa za wadudu, PCPB, nawe ufuate maagizo.

Muhimu zaidi, waambie majirani na mwenye ploti. Kunguni hupita ukutani, na kutibu chumba kimoja ni kuwahamishia wengine shida, kisha irudi kwako.