Askari wa Boma na Polisi wa Kata

Sogeeni hapa, wajukuu zangu. Mbona kila polisi kata akipita hapa Hamugembe mnakimbilia migombani, na hamjaiba hata ndizi? Woga huo ni wa urithi.

Zamani Buhaya, nchi yetu hii, ilikuwa na Abakama wake, yaani wafalme, na kesi ziliamuliwa barazani kwao. Mwaka 1890 Emin Pasha akafika kwa niaba ya Wajerumani, akajenga boma kando ya ziwa. Askari wa boma hakuja kumtafutia mtu ng'ombe wake aliyeibwa. Alifuata kodi, alifuata watu wa kazi za lazima, na mkononi alishika kiboko, mjeledi wa ngozi ngumu unaochana mgongo. Nani asingekimbia?

Waingereza wakaja. Tarehe 25 Agosti 1919 wakaunda Jeshi la Polisi la Tanganyika, makao makuu Lushoto. Wakubwa walikuwa Wazungu, na mtawaliwa akabaki mtawaliwa. Ilibidi tupate uhuru kwanza ndipo Mwafrika, Elangwa Shaidi, aliongoze jeshi hilo.

Leo juu kabisa yuko IGP, mkuu wa jeshi zima. Polisi wa mkoa wanaongozwa na RPC, wa wilaya na OCD, wa kituo na OCS. Lakini ninayempenda mimi ni huyu wa kata. Said Mwema, aliyeteuliwa kuwa IGP mwaka 2006, ndiye aliyeisukuma sana polisi jamii, yaani askari kama huyu akae na watu, awajue.

Wajapani waliyaanza mambo hayo mapema. Tangu mwaka 1874 Tokyo ina vibanda vya polisi mitaani, wanaviita koban. Askari wa pale hupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anaishi wapi, bibi gani anaishi peke yake. Mtoto akiokota sarafu njiani, anampelekea, naye anaiandika daftarini kama mali ya maana. Natamani sana kuona hivyo hapa kwetu.

Na haki yenu muijue. Ukiibiwa baiskeli, nenda kituoni na mzazi, mwandikishe maelezo, mpewe RB, namba ya taarifa yenu. Aliyepigwa huchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Mtoto akiumizwa, hata na mtu wa nyumbani, lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Pale husimulii kaunta mbele za watu; unasikilizwa faraghani. Ukishindwa kufika, piga 116. Simu hiyo ni ya watoto, na hailipiwi.