Fundi halipwi kwa kupima

Ukishapita magenge ya vitunguu ya Ruaha Mbuyuni, barabara ya Tunduma inaanza kuukwea mlima Kitonga, na hapo lori bovu hujulikana. Semi yenye shehena ya Zambia au Kongo inatambaa kwa gia nzito, feni inavuma, mshale wa temperecha unapanda. Ikichemsha kwenye kona, foleni hufika bondeni, na dereva anampigia tajiri wake Dar es Salaam. Swali la kwanza la tajiri ni lilelile: “Fundi anataka shilingi ngapi?” Ugonjwa wenyewe hauulizi. Matengenezo ya malori katika barabara hii yamejengwa juu ya swali hilo, na kwa maoni yangu ndipo fedha zinapovujia.

Ilula, Mafinga, Makambako, Mbeya hadi Tunduma, pembeni mwa lami wamejaa mafundi wenye boksi la spana, jeki na turubai. Wengi walijifunza uvunguni mwa gari, wakimshikia tochi fundi mkubwa. Wengine wamepita VETA. Spea hawaweki. Ikitakiwa wota pampu ya Scania, inatafutwa madukani Gerezani, Dar es Salaam, inapakiwa kwenye basi, na tajiri analipa kwa simu. Mwenye duka kapata faida, basi limepata nauli ya kifurushi, fundi kapata hela ya kufunga. Ambaye angekaa saa nzima akipima kabla ya kugusa nati asingepata kitu, kwa kuwa kupima hakuna bei. Basi fundi anakisia. Gari likichemsha tena, anakisia kingine, na basi linaleta kifurushi cha pili.

Chukua hiyo wota pampu. Chini ya shafti yake, kati ya sili na beringi, pampu nyingi za malori zina kitundu ambacho kiwanda kilikitoboa makusudi. Sili ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi, na yakikauka huacha doa la rangi ya kulanti. Unyevunyevu kidogo kwenye pampu mpya si wa kutisha. Mchirizi usiokoma maana yake pampu inaaga. Wapo wanaokiziba kitundu kwa gundi ya chuma. Dereva anafurahi kuona pakavu, lakini maji sasa yanaila beringi kimyakimya, puli inaanza kucheza, na kwenye injini ambazo feni imefungwa juu ya pampu, siku ikikatika feni inaingia kwenye rejeta.

Hata hivyo, tone chini ya pampu halitoshi kuihukumu pampu. Hozi iliyolegea juu yake hudondoshea palepale. Dawa ni kuujaza mfumo upepo kwa pampu ya mkono, injini ikiwa baridi, kufikia bar 1 hivi, kisha kusubiri na tochi. Kifaa hicho hakifiki bei ya tairi moja jipya la lori, na bado ni mafundi wachache wa barabarani wanaokimiliki. Wakinunue cha nini, ikiwa hakuna anayewalipa kukitumia?

Kuna pia mfuniko wa rejeta. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji kwenye sufuria ya wazi huchemka yakifika nyuzi 94 au 95. Injini ya lori hufanya kazi kwenye joto la namna hiyohiyo. Kinachoyazuia maji yasichemke ni mgandamizo, na mfuniko uliochoka hauushikilii. Matokeo yake, gari lililotoka Dar salama linachemsha Uyole, na mtu anashusha silinda hedi nzima kwa kosa la mfuniko.

Joto la giaboksi linawasumbua mafundi zaidi. Malori mengi hayana geji yake, na kwenye yaliyo nayo waya wa sensa ukilika geji inasema uongo. Kipimajoto cha kulenga kama bastola humaliza ubishi: dashibodi ikisema 130 na chuma kikisoma 85, tafuta waya kwanza. Eaton, wanaotengeneza giaboksi za Fuller, wanaonya oili isiendelee kukaa juu ya nyuzi 120. Kinachoifikisha huko mara nyingi ni oili pungufu, oili isiyo yake, au iliyojazwa kupita kiasi hadi ikatoa povu.

Kwenye malori ya Ulaya yenye retada, ile breki ya oili iliyo nyuma ya giaboksi, maji ya injini na joto la giaboksi hukutana. Oili ya retada hupozwa na maji yaleyale ya injini. Lori likishuka Kitonga na shaba, retada inamwaga joto lake kwenye maji ambayo pampu imekuwa ikiyapunguza tone kwa tone tangu Zambia. Joto likizidi, retada inajipunguza nguvu ili isiungue, na mzigo unahamia kwenye breki za magurudumu. Fundi anaelekezwa nyuma kwenye giaboksi, kumbe maradhi yako mbele, kwenye kitundu. Oili ikionekana kama chai ya maziwa, kipozeo kimetoboka ndani. Hilo halihitaji kompyuta.

Madereva nao wana lao. Wanaotia frii mteremkoni ili kuokoa dizeli hawaokoi kitu, kwani injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari likishuka ndani ya gia. Mbaya zaidi ni kulivuta lori bovu bila kufungua propela shafti: shafti inayorusha oili ndani ya giaboksi imesimama, huku ya juu yake ikizunguka kavu.

Kampuni kubwa zina gereji zao na vipimo vyao. Anayeumia ni mwenye lori moja au mawili. Treni ya SGR ilifika Dodoma mwaka 2024, lakini haiendi Tunduma, kwa hiyo Kitonga bado ni ya huyo mwenye lori. Tajiri, simu ya dereva ikiingia safari ijayo, uliza kwanza fundi amepima nini. Umlipe kwa kupima huko, hata asipofunga spea yoyote.