Heliamu ya Rukwa na umeme usiopotea njiani

Shika chaja ya simu yako baada ya kukaa ukutani kwa saa moja. Ina joto. Joto hilo ni umeme uliolipia lakini haukufika kwenye betri. Ni hivyo hivyo kwenye nyaya za kilovolti 220 zinazotoka Makambako hadi Songea, karibu kilomita 250, zilizoanza kazi mwaka 2018. Sehemu ya umeme huishia njiani kwa sababu waya huubania. Wataalamu hukuita kubania huko ukinzani.

Vipo vitu ambavyo vikipozwa vya kutosha, ukinzani wake hauishii kupungua tu, unatoweka kabisa. Huitwa supakondakta. Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliligundua jambo hilo kwa kupoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Ile baridi ya Julai pale Ramadhani, inayotufanya tutoe moshi mdomoni, ni jiko linalowaka ukilinganisha na hiyo.

Baridi hiyo hupatikana kwa heliamu iliyogeuzwa kimiminika, na hapo ndipo Rukwa inapoingia. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa gesi hiyo ipo Bonde la Rukwa. Wengi walisikia "gesi ya maputo" wakacheka. Maputo ni jambo dogo. Mashine nyingi za MRI, zile zinazompiga mgonjwa picha za ubongo na uti wa mgongo, zina sumaku ya nyaya za supakondakta inayopozwa kwa heliamu. Heliamu ikiadimika duniani, kuziendesha kunakuwa ghali.

Matumizi mengine ni kwenye vifaa vidogo kuliko punje ya ulezi. Chukua vipande viwili vya supakondakta, katikati weka utando mwembamba usiopitisha umeme. Mwaka 1962 Brian Josephson, mwanafunzi wa miaka 22 huko Cambridge, alisema elektroni, zikiwa mbili mbili, zitavuka utando huo bila kusukumwa. Vipimo vikaonyesha kuwa alisema kweli.

Lakini kifaa kikiwa kidogo sana, kilicho pembeni yake nacho kina neno. Fikiria ghala dogo la viazi. Mzigo mmoja ukiingia, ghala limejaa. Barabara ya kutokea ikiwa nzuri, mzigo huondoka mara moja na mwingine unaingia. Ikiwa ni tope la masika, mzigo wa pili unabaki nje. Chaji za umeme hufanya hivyo: waya wa pembeni ukiwa na ukinzani mkubwa, chaji iliyovuka haiondoki upesi, nayo inaizuia inayofuata. Kifaa kilichotakiwa kupitisha umeme bure kinakuwa kizuizi.

Mwaka 1983 Albert Schmid, Mjerumani, alikokotoa kwamba mpaka uko kwenye ukinzani wa karibu ohm 6,450. Rizista za kiasi hicho fundi redio wa Makambako anazo kwenye kopo lake. Hata hivyo, mwaka 2020 watafiti nchini Ufaransa walichapisha vipimo vilivyopinga kwamba kizuizi hicho hutokea kama ilivyotabiriwa, na mabishano bado yanaendelea. Sisi tunaona ni afya kwa sayansi, ingawa mtu anayesubiri jibu moja atachoka.

Swali hilo lina uzito kwa sababu kompyuta za kwanta, ambazo kampuni kubwa zinashindana kuzitengeneza, nyingi hutumia viungo vya Josephson. Oktoba 2025 Tuzo ya Nobeli ya fizikia ilitolewa kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis kwa majaribio waliyofanya Berkeley, Marekani, mwaka 1984 na 1985 kwa kutumia kiungo cha aina hiyo. Sehemu ngumu ya kazi yao ilikuwa kuzuia kelele za umeme kutoka nje zisipenye kupitia nyaya.

Je, nyaya za Makambako nazo ziwe supakondakta? Si leo. Kupoza kilomita 250 za waya mchana na usiku kungegharimu kuliko umeme unaopotea.